Ukifungwa bega, uliza siku ya kulifungua

HEBU siku moja uketi kwenye benchi la kliniki ya mifupa katika hospitali yoyote kubwa ya mjini, halafu uwahesabu waliofungwa mkono kifuani. Utamwona mwanafunzi aliyeangukia bega akicheza raga, kijana wa bodaboda aliyegongwa na gari, fundi wa mjengo aliyeteleza kwenye ngazi na nyanya aliyeanguka bafuni. Wote wamevaa kitu kimoja, yaani kile kitambaa au mkanda unaopita shingoni na kuubeba mkono, ambao hospitalini kila mtu huuita slingi.

Sasa waulize: Utaivua lini? Mmoja atakutajia tarehe. Wa pili atakuambia kwamba maumivu yakiisha tu, anaitupa. Wa tatu atajibu, "Mpaka nipone kabisa." Kati ya hao watatu, mpenzi msomaji, ni yule wa kwanza aliye na matumaini makubwa zaidi ya kulipata tena bega lake.

Wa pili anaweza kuharibu kazi yote ya daktari kwa siku moja. Wa tatu anaweza kujikuta na mkono uliopona mfupa lakini usioweza kufika kichwani. Na makosa yote mawili hayafanyiki hospitalini. Hufanyika nyumbani, mbele ya watu wa nyumba wanaompenda mgonjwa, na ndiyo maana tunalizungumzia jambo hili katika kurasa za familia.

Chungwa juu ya kisahani

Bega ndicho kiungo kinachozunguka kuliko vyote mwilini. Kwa bega moja unajikuna mgongo, unafunga kitambaa kichwani, unarusha mpira na kushika chuma cha juu ndani ya matatu iliyojaa. Uhuru huo una gharama yake. Kichwa cha mfupa wa mkono ni mviringo kama chungwa, lakini pahali kinapokaa kwenye kombe la bega ni padogo na hapana kina, mithili ya kisahani cha kikombe cha chai. Nyonga haiko hivyo. Kule mpira wa mfupa umezama ndani ya bakuli.

Kinachozuia chungwa hilo lisibiringike ni mfuko mgumu unaokizunguka kiungo, pamoja na kano za misuli minne inayotoka kwenye kombe na kukishika kichwa cha mfupa kama vidole. Mfuko huo ukipasuka, bega huteguka, na zaidi ya mara tisa katika kumi huchomokea mbele. Linapochomokea nyuma, aghalabu huwa ni baada ya mtu kushikwa na kifafa au kupigwa na umeme. Bega la namna hiyo linaweza kupita hata mbele ya picha ya eksirei bila kutambuliwa, kwa hivyo mwelezeni daktari kwa ukamilifu jinsi mtu alivyoumia.

Juu ya hayo yote kuna uzito. Mkono wa mtu wa kilo 70 una takriban kilo tatu na nusu, yaani karibu pakiti mbili za unga. Ukiuacha uning'inie, uzito huo wote unavuta mfupa uliovunjika au kano iliyoshonwa majuzi. Kazi ya kwanza ya slingi ni kuubeba mzigo huo. Kazi ya pili ni kuuzuia mkono usichezecheze hovyo. Kazi ya tatu, ambayo wachache huitaja, ni kuwaonya watu wa barabarani wasikugonge.

Kabla ya kufika hospitali

Jambo la kwanza ni kutolivuta. Kila mtaa una mzee au kijana mwenye nguvu anayejitapa kwamba anajua kulirudisha bega kwa mvuto mmoja. Ni kweli kwamba Hippocrates, yule tabibu wa Ugiriki wa kale, alieleza zaidi ya miaka 2,300 iliyopita jinsi ya kulirudisha bega kwa kukanyaga kwapani kwa kisigino huku mkono ukivutwa. Lakini huyo wa mtaani hana macho ya kuona ndani. Huenda lile analoliita bega lililoteguka limevunjika pia, na mshipa wa damu au wa fahamu umebanwa pale pale kwapani. Akivuta, anaweza kuukata. Mpelekeni mgonjwa akapigwe picha kwanza.

Mvueni pete, saa na bangili mapema, kwa maana mkono utavimba na pete itageuka kamba. Msimpe chai wala maji ya sukari mnapomkimbiza hospitali, hata akilalamika kiu, kwa sababu huenda akahitaji dawa ya usingizi ili bega lirudishwe, na tumbo lililojaa ni hatari kwa mtu aliyelazwa kwa dawa hiyo.

Kwa kumfunga, leso inatosha. Ikunjeni kwa mshazari iwe pembetatu. Mwacheni mgonjwa aushike mwenyewe mkono ulioumia kwa mkono mzima, kwa ile hali anayoona ina maumivu machache zaidi. Pitisheni leso kati ya mkono na kifua, pembe ya kati ielekee kwenye kiwiko, ncha moja ipite juu ya bega zima. Ncha ya chini ipandishwe mbele ya mkono, ikutane na mwenzake kando ya shingo. Fundo lisikae juu ya uti wa shingo wala juu ya mfupa uliovunjika, na chini yake wekeni kitambaa laini. Kiganja kiwe juu kidogo kuliko kiwiko, na vidole vionekane. Kisha bonyezeni ukucha mmoja na kuuachilia: ukiwa mweupe na rangi isirudi upesi, kwa muda wa kama sekunde mbili, mmekaza mno. Kama mkono umekataa kukunjika kifuani, msiulazimishe. Jazeni pengo kwa mto au sweta, mfunge kama ulivyo.

Kwa taarifa yako, bendeji ya pembetatu ilienezwa majeshini katika karne ya 19 na Friedrich von Esmarch, daktari mpasuaji wa Ujerumani. Alizipiga chapa bendeji zake michoro ya jinsi ya kuzifunga, ili askari aliyejeruhiwa asome kwenye kitambaa chenyewe. Sisi leso zetu zina majina na mafumbo ya mapenzi na ya majirani. Sijaona bado iliyochorwa jinsi ya kufunga bega, ingawa nadhani ingepata wanunuzi.

Slingi si moja

Hapa ndipo watu wa nyumbani huchanganyikiwa. Jirani amefungwa hivi, mgonjwa wetu amefungwa vile, basi lazima mmoja wao amekosewa. Sivyo.

Aliyevunjika mtulinga, ule mfupa unaotoka kooni kwenda begani, hufungwa slingi pana inayokishika kiwiko, ili uzito wa mkono usiuvute ule mfupa chini. Zamani wengi walifungwa bendeji ya umbo la nane mgongoni, iliyowavuta mabega nyuma kama askari wa gwaride. Madaktari wa Denmark walizilinganisha njia hizo mbili katika utafiti uliochapishwa mwaka 1987 wakakuta mfupa ulipona sawasawa, ila waliovaa slingi ya kawaida walisumbuka kidogo zaidi ya kidogo, ilhali wale wa bendeji ya nane walitaabika zaidi. Kwa hivyo ukimwona mwanao amepewa slingi tu, usidhani amepuuzwa.

Aliyevunjika mfupa wa mkono wenyewe, kati ya bega na kiwiko, mara nyingi huvalishwa ukanda mwembamba unaoshika kifundo cha mkono na kupita shingoni, huku kiwiko kikiachwa kining'inie. Kuning'inia huko ndiko dawa, kwa kuwa uzito wa mkono unaunyoosha mfupa polepole. Sasa fikiria mama mwenye huruma anayempangia mgonjwa huyo mito chini ya kiwiko. Anaiondoa ile dawa bila kujua. Ulizeni kabla ya kuondoka hospitalini: kiwiko kishikwe au kiachwe?

Aliyeshonwa kano za bega naye huenda akatoka na slingi iliyo na mto mdogo kiunoni unaousogeza mkono mbali na ubavu, na mkanda unaozunguka kiwiliwili. Mto huo si wa starehe. Unapunguza mvuto kwenye kano iliyoshonwa. Usiutoe kwa sababu shati haliingii.

Na muda nao hutofautiana. Bega lililoteguka kwa kijana mara ya kwanza hufungwa kwa kawaida wiki mbili hadi tatu, na kwa mtu aliyepita miaka 40 huenda ikawa wiki moja tu, kwa sababu bega la mtu mzima hukauka upesi. Mfupa uliovunjika karibu na bega huchukua takriban wiki mbili au tatu kabla ya mazoezi mepesi kuanza. Kano zilizoshonwa huhitaji wiki nne hadi sita ndani ya slingi, na hata hapo haziwi tayari kwa kazi; huchukua kama miezi mitatu kushikamana vyema na mfupa. Lakini mtu aliyesafishwa kiungo bila kushonwa chochote anaweza kuambiwa aivue baada ya siku chache. Hii ni mifano tu. Tarehe yako anaijua aliyekutibu, na ndiyo unayopaswa kumdai akuandikie kwenye kadi.

Wapo wanaodhani kwamba slingi ni tiba ya asiye na pesa, na kwamba mwenye pesa hupasuliwa na kuwekwa vyuma. Nchini Uingereza watafiti waliwagawa watu wazima 250 waliovunjika mfupa wa mkono karibu na bega, wengine wakapasuliwa, wengine wakafungwa slingi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: baada ya miaka miwili, makundi hayo hayakutofautiana kwa jambo lolote la maana katika matumizi ya mkono. Wapo wanaohitaji kisu, bila shaka, hasa mfupa ukiwa umechomoza au bega likikataa kurudi. Hata hivyo, familia isikimbilie kuuza shamba kabla ya kuuliza.

Swali jingine linalowahusu vijana: je, kufungwa kwa muda mrefu kutalizuia bega lisiteguke tena? Lennart Hovelius na wenzake wa Uswidi waliwafuatilia kwa miaka 25 watu wa kati ya miaka 12 na 40 walioteguka bega mara ya kwanza. Kwa mujibu wa matokeo yao ya mwaka 2008, kufungwa wiki tatu au nne hakukuwa kinga zaidi ya kuvaa slingi mpaka maumivu yapungue. Kilicholeta tofauti ni umri: wadogo ndio waliorudia kuteguka zaidi. Basi mchezaji wa raga wa shule ya upili asiambiwe kwamba akivumilia slingi muhula mzima atakuwa salama. Ajenge misuli baadaye, na likiteguka tena apelekwe kwa mpasuaji wa mifupa ashauriwe.

Huruma inayogandisha

Shangazi yangu mmoja, mwenye kisukari na umri wa miaka 60 na ushei, alivunjika karibu na bega alipoteleza kwenye ngazi za ploti. Alifungwa vizuri, akapewa dawa na tarehe ya kurudi. Siku ile ilikuwa na mvua, nauli ilipanda, na kwa kuwa hakuwa na maumivu, watoto wake waliona hakuna haja. Walimtunza ajabu. Walimlisha, wakampikia, wakamvisha, na kila alipojaribu kuusogeza mkono walimkemea kwa upendo: "Mama, tulia!" Alitulia miezi mitatu.

Leso ilipofunguliwa mfupa ulikuwa umeunga, lakini bega lilikuwa kama mlango ulioshika kutu. Hakuweza kujifunga kitambaa kichwani wala kukifikia kifungo cha mgongoni. Ilimchukua zaidi ya mwaka wa mazoezi, machozi na nauli kuupandisha mkono hadi usawa wa paji la uso, na mpaka leo vyombo vya rafu ya juu hushushiwa na wajukuu.

Bega la namna hiyo lilipewa jina la bega lililoganda na Ernest Codman, daktari mpasuaji wa Boston, Marekani, mwaka 1934. Linawapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye kisukari kuliko wengine wote. Mara nyingine huja lenyewe bila jeraha lolote. Lakini bega la mwenye kisukari likifungwa na kusahauliwa, ni kama kulialika. Waswahili walisema samaki mkunje angali mbichi, na ingawa walikuwa wakiwazungumzia watoto, nadhani mtaalamu yeyote wa viungo angeukubali msemo huo bila kubadilisha neno.

Kinyume chake ni kijana aliyeshonwa kano. Siku ya kumi maumivu yamekwisha, chale imekauka, na nyumbani hakuna maji. Anaivua slingi na kubeba mtungi wa lita 20. Uzi wa daktari bado uko, lakini kano haijaota kwenye mfupa, na uzi peke yake hauwezi kilo 20. Kutokuwa na maumivu si kibali. Mtu akipona haraka kiasi hicho, ndipo watu wa nyumba wanapofaa kumchunga zaidi.

Kukaa ndani ya slingi

Kufungwa bega si kufungwa mkono mzima. Isipokuwa daktari amekukataza, vidole, kifundo cha mkono na kiwiko vianze kazi siku ile ile. Kunja ngumi na kuikunjua, au finya soksi iliyoviringwa. Mara tatu au nne kwa siku toa mkono kwenye slingi, ukiwa umekaa na mkono umelazwa kwenye paja au ubavuni, unyooshe kiwiko hadi mwisho na kukikunja tena. Wanaopuuza hilo hupona bega wakabaki na kiwiko kigumu.

Ukiruhusiwa, na si kabla, utafundishwa zoezi ambalo mpaka leo linaitwa kwa jina la yule yule Codman. Unaegemea meza kwa mkono mzima, unainama, unauacha ulioumia uning'inie kama mkonga wa tembo, kisha unayumbisha mwili ili mkono uzunguke wenyewe kama mizani ya saa ya ukutani. Misuli ya bega haifanyi kazi hapo, lakini kiungo kinatembea. Mwombe mtaalamu wa viungo akufundishe mazoezi ya kufanya nyumbani na akuandikie idadi, maana si kila familia inaweza kulipia kikao kila wiki.

Kuinama huko huko ndiyo njia ya kuosha kwapa. Osha, kausha kabisa, kisha urudishe mkono. Kwapa lililofungwa wiki tatu bila kuoshwa huchubuka na kunuka, na wengi huona haya kulitaja. Katika kuvaa, mkono mgonjwa huingia kwanza na kutoka mwisho, na shati liwe la vifungo mbele. Usiku, lala chali ukiwa umeinuliwa nusu kwa mito, pengine kwenye kochi siku za mwanzo. Kwa wengi inasaidia kuweka mto mdogo nyuma ya mkono wa juu ili usirudi nyuma, isipokuwa wale wa ukanda mwembamba niliowataja, ambao kwanza wanapaswa kuuliza.

Usiendeshe gari wala usipande bodaboda. Dereva wake akifunga breki, utajishika kwa mkono gani? Ndani ya matatu kaa dirishani, upande ambao bega bovu litaelekea ukutani, mbali na makanga na mizigo ya wapitao. Na ewe mwanafunzi uliyeumia mkono wa kuandikia, mwalimu mkuu na aarifiwe mapema, usingoje wiki ya mtihani.

Tarehe ile ya kadi ni ya mambo yakienda sawa. Vidole vikifa ganzi, vikiwa baridi au vikigeuka samawati, legezeni slingi mara moja, na visiporudi hali yake nendeni hospitali hapo hapo. Ngozi ya nje ya bega ikipoteza hisia, kidonda cha upasuaji kikitoa usaha, homa ikipanda, bega likibadilika umbo ghafla au mgonjwa akishikwa na maumivu ya kifua na kukosa pumzi, msisubiri kliniki ya Alhamisi. Rudini siku hiyo hiyo, hata ikiwa usiku.